Joto na msongamano wa elektroni kwenye plazma ya fyusheni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali yanarudi kila stori ya mitambo ya fyusheni (ya kuunganisha viini vya atomu ili kupata nishati) ikianza, hasa ile mitambo ya tokamaki yenye umbo la duara lenye tundu katikati. Nimeyaweka pamoja. Majibu mengine ni marefu manake jambo lenyewe refu, mengine mstari mmoja unatosha.

Kwani wakisema plazma ina nyuzi milioni 100, nani ameenda na kipimajoto humo ndani?

Hakuna aliyeenda. Na hilo ndo swali la kwanza la kuuliza kila ukisoma habari ya fyusheni: joto limepimwa na chombo gani? Joto la plazma, yaani gesi iliyopashwa mpaka elektroni zikaachana na atomu na atomu zikabaki ioni, halisomwi moja kwa moja, linakokotolewa kutokana na kitu kingine, mara nyingi ni mwanga au mawimbi ya redio yanayotoka au yanayopita humo, halafu unatumia fizikia kurudi nyuma mpaka kwenye joto. Ukichomeka chuma katikati, chuma kinayeyuka na plazma yenyewe inapoa na kuharibika, umekosa vyote viwili.

Hizi eV na keV ni nini? Mbona hawasemi tu selsiasi?

Ni uvivu wenye faida. eV ni elektronivolti, kipimo cha nishati; 1 eV ni sawa na kelvini 11,600 hivi, na keV ni elfu moja ya hizo, yaani 1 keV ni kelvini milioni 11.6. Katikati ya Jua ni kama milioni 15, sawa na 1.3 keV. Tokamaki kubwa zinafika 10 keV na zaidi, kwa hiyo ndiyo, ni moto kuliko tumbo la Jua, sio chumvi za waandishi wa habari. Kwa namba kubwa hivyo hakuna anayehangaika kama ni kelvini au selsiasi.

Kwa nini mnapima elektroni wakati zinazoungana ni ioni?

Swali zuri. Zinazoungana ni kweli ni ioni za haidrojeni nzito, deuteri na triti, na joto lao linapimwa kivyake, kwa spektra za mwanga na kwa nyutroni zinazotoka. Ila elektroni ndo nyepesi, zinakimbia sana, zinatawanya mwanga vizuri na zinatoa mawimbi zenyewe, kwa hiyo ni rahisi kuzishika. Halafu zinabeba karibu nusu ya presha yote, na joto jingi linavujia kwao. Usidhani tu joto la elektroni na la ioni ni lile lile, plazma ikiwa nyembamba na unapasha upande mmoja yanaweza kupishana vibaya mno.

Msongamano nao ni mkubwa kiasi gani?

Mdogo kuliko unavyofikiria. Tokamaki kubwa ina elektroni kama 5 zikifuatiwa na sifuri 19 kwa kila mita ya ujazo. Inasikika nyingi, lakini hewa unayovuta ina chembe laki kadhaa mara zaidi ya hapo. Plazma yote ya mtambo mkubwa haifiki hata gramu moja. Ndo maana kitu cha milioni 100 kinakaa ndani ya chuma bila kukiyeyusha papo hapo (sumaku nazo zina kazi yake hapo, sizinyimi sifa).

Haya, mtawanyiko wa Thomson unafanyaje kazi?

Hii ni njia ya kupima elektroni kwa leza. Unapiga leza yenye nguvu ndani ya plazma, pigo fupi sana la nanosekunde chache. Mwanga ni wimbi la umeme na sumaku, ukimfikia elektroni aliye huru unamtikisa, na elektroni akitikiswa anatoa mwanga wake kwenda pande zote. J. J. Thomson, yule yule wa elektroni, ndo aliyeeleza hesabu zake, jina likabaki lake. Sasa kama elektroni angekuwa amesimama, mwanga anaoutoa ungekuwa na rangi ile ile ya leza. Lakini hajasimama, anakimbia maelfu ya kilomita kwa sekunde, anayekuja kwako anasogeza rangi kuelekea bluu, anayekukimbia anaisogeza kuelekea nyekundu, na kwa sababu ziko nyingi kila moja na mbio zake, mstari mwembamba wa leza unarudi ukiwa kilima kipana. Upana wa kile kilima ndo joto. Ukubwa wa kilima chote, yaani wingi wa mwanga, ndo msongamano. Vyote viwili kwa pigo moja, mahali pamoja, saa ile ile, na hapo ndo penye utamu wake.

Tuweke namba. Leza inayotumika sana siku hizi ni ya Nd:YAG, urefu wa wimbi nanomita 1064, haionekani kwa macho. Ukiangalia kwa pembe ya nyuzi 90 na plazma ina 1 keV, kutoka katikati ya kilima mpaka pale mwanga umeshuka na kubaki kama theluthi ni kama nanomita 94. Plazma ya 100 eV inakupa kama 30. Upana unafuata kipeuo cha pili cha joto, yaani joto likizidi mara nne upana unazidi mara mbili tu. Hapo tayari unaona shida: kwenye joto kubwa kilima kinabadilika taratibu, kosa dogo la upana linakuwa kosa kubwa la joto.

Kupima kilima hawatumii spektromita ya kifahari siku hizi, wanatumia kisanduku chenye filta kadhaa, kila filta inachukua kipande chake cha rangi na kukipeleka kwenye detekta ya silikoni iitwayo fotodayodi ya maporomoko. Filta nne au tano zinatosha kuchora kilima. Wanaangalia zaidi upande wa bluu, kwanza kwa sababu elektroni za mbio sana zinasukuma mwanga wote upande huo, pili silikoni yenyewe inakuwa kipofu ukivuka nanomita 1064 hivi.

Mwanga unaorudi ni mwingi?

Hapana, na hapa ndo watu wa hii kazi wanapozeekea. Elektroni ni shabaha ndogo mno. Leza ikipita sentimita moja ya plazma yenye msongamano niliotaja juu, katika kila fotoni (chembe za mwanga) bilioni 30 inatawanywa moja tu. Na hiyo moja inaenda popote inapotaka, lenzi yako inashika upande mdogo. Chukua leza ya jouli 3: inatoa fotoni kama bilioni bilioni 16 kwa pigo. Lenzi ya kawaida itaokota laki sita hivi kutoka ile sentimita, halafu faiba, filta na detekta kila mmoja anakata chake. Zinazobaki ndo unagawa kwenye filta tano. Na wakati huo huo plazma yenyewe inang'aa, kuta zinarudisha mwanga wa leza, kila kitu kinakupigia kelele, kwa hiyo bomba la kuingilia leza linawekwa vizuizi vya kumeza mwanga uliopotea na mwisho wa safari leza inazamishwa kwenye kinyonyaji maalum isirudi.

Hiyo leza haiipashi plazma ikaharibu kipimo chenyewe?

Kwa leza zinazotumika, sio kwa kiasi cha kukusumbua. Elektroni anatikiswa tu, anabaki na mbio zake.

Ni kweli Waingereza walienda Moscow kupima mtambo wa Warusi wakati wa vita baridi?

Kweli kabisa na kwangu mimi ndo hadithi bora ya sayansi hii. Agosti 1968 kwenye mkutano wa kimataifa kule Novosibirsk, Lev Artsimovich wa taasisi ya Kurchatov ya Moscow akasimama akasema tokamaki yao ya T-3 imefika karibu 1 keV, nyuzi milioni 10. Watu wa Magharibi hawakuamini, na sio ubishi wa siasa tu, walikuwa na hoja. Warusi walikuwa wamepata joto lile kwa njia za mzunguko, kupima presha ya plazma kwa koili za sumaku na vitu kama hivyo, na hofu ilikuwa kwamba kikundi kidogo cha elektroni zilizotoroka na mbio za ajabu kinadanganya chombo, plazma iliyobaki ni baridi tu.

Artsimovich hakununa. Akamwambia Bas Pease, mkuu wa maabara ya Culham karibu na Oxford: leteni leza yenu mje mpime wenyewe. Culham walikuwa wameshaimudu Thomson kwa leza ya rubi, ile nyekundu ya nanomita 694.3. Timu ya Nicol Peacock, Derek Robinson, Mike Forrest na Peter Wilcock ikaenda Moscow na mzigo wa vifaa wa takriban tani tano, wakashirikiana na V. V. Sannikov wa Kurchatov. Kazi haikuwa lelemama, mwanzo mwanga wa plazma ulikuwa unazima ishara yao mpaka wakapata leza ya mapigo mafupi zaidi yenye nguvu. Majibu yakatoka kwenye jarida la Nature Novemba 1969: joto kutoka 100 eV mpaka 1 keV, na kilima cha spektra kina umbo la plazma ya kawaida iliyotulia, sio la elektroni watoro. Warusi walikuwa wamesema kweli.

Kilichofuata ndo kinaonyesha uzito wa kipimo kimoja. Princeton walikuwa na mtambo wao wa aina nyingine, stelareta ya Model C, 1970 wakaugeuza kuwa tokamaki. Dunia nzima ikafuata. Kilichowageuza sio nadharia mpya wala mtambo mpya, ni kilima cha mwanga kilichopimwa na watu ambao wangefurahi kukuta Warusi wamekosea.

Kukalibreti mnafanyaje? Mnajuaje fotoni hizi ni sawa na elektroni ngapi?

Joto na msongamano vinatofautiana sana hapa, watu wengi hawajui. Joto linatokana na uwiano kati ya filta, kwa hiyo dirisha likichafuka kidogo kwa rangi zote sawa, au leza ikapungua nguvu, uwiano unabaki na joto linabaki sahihi. Msongamano hauna huo msamaha. Unatokana na wingi wenyewe wa mwanga, kwa hiyo vumbi kwenye dirisha, leza iliyosogea milimita moja kwa sababu jengo linatetemeka au chombo kimepanuka kwa joto, vyote vinakula msongamano wako kimya kimya na grafu inaonekana safi tu.

Dawa yake: kabla ya msimu wa majaribio, chombo kikiwa hakina plazma, wanakijaza gesi ya naitrojeni au haidrojeni kwa presha inayojulikana, wanapiga leza ile ile. Molekuli za gesi zinatawanya mwanga kwa kiwango kinachojulikana. Kuna mtawanyiko wa Rayleigh, mwingi lakini una rangi ile ile ya leza, kwa hiyo umechanganyika na mwanga wa kutani. Kuna wa Raman, hafifu zaidi lakini rangi imesogea kidogo kwa sababu molekuli inazunguka, unautenganisha vizuri. Wengi wanapenda Raman, na mimi niko upande wao. Halafu bado kila siku wanalinganisha na intaferomita, manake kalibresheni ya Januari haikuhakikishii Juni.

Intaferomita ndo nini tena?

Unapitisha mwale mmoja kwenye plazma na mwenzake nje, unawakutanisha na kuangalia wamepishana awamu kiasi gani. Elektroni zinabadilisha mwendo wa awamu ya wimbi, na upishano unalingana na idadi ya elektroni njiani kuzidisha urefu wa wimbi. Ukiwa na jumla ya elektroni 1 ikifuatiwa na sifuri 20 kwa mita ya mraba, leza ya kabonidayoksaidi ya mikromita 10.6 inapishana radiani 3 hivi, wakati leza ya mikromita 195 waliyotumia JET, tokamaki kubwa ya Culham, inapishana kama 55, karibu mizunguko tisa.

Ni sahihi sana na haihitaji gesi ya kukalibreti. Ubaya wake ni kama kondakta wa daladala anayekuambia abiria wako ishirini bila kusema nani kakaa siti gani: unapata jumla ya mstari mzima. Kujua katikati kuna ngapi na pembeni ngapi unahitaji mistari mingi na hesabu. Na ubaya wa pili, plazma ikistuka ghafla chombo kinaruka mzunguko mzima kikahesabu vibaya, kuanzia hapo msongamano wote unaofuata ni uongo mpaka mtu aurekebishe.

Nasikia elektroni zinatoa mawimbi zenyewe, kwa nini msizisikilize tu badala ya leza za bei?

Wanasikiliza. Elektroni kwenye uga wa sumaku anazunguka mara bilioni 28 kwa sekunde kwa kila tesla moja, na akizunguka anatoa mikrowevu. Uzuri ni kwamba ndani ya tokamaki uga una nguvu zaidi upande wa ndani na unapungua ukienda nje, kwa hiyo kila masafa yanatoka mahali pake. Pale penye tesla 3, masafa ya msingi ni gigahezi 84 na ya mara mbili ni 168. Ukipokea 168 unajua imetoka wapi, na nguvu yake inakupa joto la pale. Tena ni njia ya haraka, inafuatilia vitu vya mikrosekunde, ukiitumia unaona katikati ya plazma joto linapanda taratibu na kuanguka ghafla, tena na tena, grafu kama meno ya msumeno.

Tatizo ni msongamano ukizidi, mikrowevu zinakatika hazitoki. Tokamaki za mviringo zilizobanana kama MAST ya Culham zina uga mdogo na msongamano mkubwa, njia hii ya kawaida haifanyi kazi kwao. Ndo maana MAST waliweka Thomson ya kutisha: leza nane za mapigo 30 kwa sekunde kila moja, zikipokezana unapata vipimo 240 kwa sekunde, sehemu 130 kwa mpigo.

LIDAR ya JET ilikuwa nini?

Thomson ile ile lakini unatumia muda badala ya lenzi nyingi. Pigo la pikosekunde 300 linaingia, mwanga unaorudi nyuma unapokelewa kwenye mlango ule ule, aliyerudi mapema katoka karibu, aliyechelewa katoka mbali. Mwanga unaenda sentimita 30 kwa nanosekunde, kwenda na kurudi ni 15. Ilikuwa rahisi kupanga na ilidumu miaka mingi, ila haikuweza kuona vitu vya sentimita chache, na kingoni mwa plazma joto linaporomoka ndani ya hizo sentimita chache. Kwa ajili hiyo JET wakaongeza Thomson ya pili ya Nd:YAG yenye macho makali zaidi.

Na kile kijiti cha Langmuir?

Hicho ni cha pembeni tu, mahali plazma imeshapoa mpaka makumi ya eV. Irving Langmuir alikitengeneza miaka ya 1920 akiwa General Electric, na ndiye aliyeipa plazma jina lake. Unachomeka waya, unabadilisha volti, unasoma mkondo. Mkondo unavyopanda kwa kasi unakupa joto, mkondo wa ioni ukishatulia unakupa msongamano. Rahisi, ya haraka, na inadanganya kwa adabu sana. Kwenye diveta, lile eneo la chini linalopokea joto na uchafu unaotoka, plazma ikipoa mpaka 1 eV kijiti mara nyingi kinasema mara kadhaa ya hiyo. Tokamaki ya DIII-D ya San Diego waliweka Thomson mpaka huko chini kwenye diveta, na sioni ajabu.

Vyombo viwili vikitofautiana mnaamini kipi?

Inategemea, na imeshatokea kwa ukubwa. Tokamaki za TFTR ya Princeton na JET zote zilikuta kwamba plazma ikipashwa sana, joto la katikati likivuka 7 keV hivi, mikrowevu zilikuwa zinasoma juu kuliko Thomson, mpaka kama asilimia 20. Walikagua kalibresheni wakachoka. Maelezo yanayotajwa sana ni kwamba elektroni hazikuwa na mgawanyo wa mbio wa kawaida wa Maxwell, na kila chombo kinaangalia elektroni za mbio tofauti, kwa hiyo vyote viwili vinaweza kuwa sahihi kwa kile kinachoona. Tokamaki ya Alcator C-Mod kule Massachusetts walitafuta tofauti hiyo mpaka 8 keV hawakuikuta. Mjadala haujafungwa.

Mtazamo wangu: chombo kimoja peke yake, hata Thomson, ni ushahidi wa shahidi mmoja.

Je, kuna Thomson ya aina nyingine?

Ipo. Ukitumia mawimbi marefu kuliko umbali wa Debye, yaani umbali ambao chaji moja inafunikwa na jirani zake, ambao kwa plazma ya 1 keV yenye msongamano niliotaja juu ni kama mikromita 33, hauoni tena elektroni mmoja mmoja, unaona makundi yanayofuata ioni. Inatumika kuchunguza ioni. Leza ya mikromita 1 iko mbali chini ya hapo, kwa hiyo kila elektroni anajibu kivyake.

ITER watapimaje?

Kwa njia hizi hizi, ila maisha magumu zaidi. Kule Cadarache, Ufaransa, unakojengwa huu mtambo mkubwa wa kimataifa, Thomson ya katikati inatakiwa kusoma mpaka 40 keV, na kwa joto hilo mbio za elektroni ni sehemu kubwa ya mbio za mwanga, kilima kinapoteza umbo na kusogea bluu mpaka kinaingia kwenye mwanga unaoonekana, hesabu za Einstein ni lazima. Halafu kioo cha kwanza kinachotazama plazma kitachubuliwa na kupakwa uchafu, nyutroni zitaharibu faiba na lenzi zikiwa karibu, na hakuna fundi atakayeingia na kitambaa kufuta. Ukikumbuka nilichosema juu ya dirisha chafu na msongamano, utaona kwa nini watu wa vioo wanaheshimiwa sana kwenye mradi ule.

Naweza kuona data halisi bila kuwa mwanafizikia wa Culham?

Unaweza. Data za MAST zimewekwa wazi, na za LHD, mtambo wa aina ya stelareta kule Toki, Japani, pia zimefunguliwa kwa umma. Ukijua Python kidogo inatosha. Chukua shoti yoyote (jaribio moja la plazma), chora joto na msongamano wa Thomson, jumlisha msongamano kwenye mstari kisha uweke juu yake namba ya intaferomita. Kama mistari miwili imeachana, anza kwa kuangalia kama intaferomita iliruka mzunguko kabla hujailaumu leza.